Kapteni wa Mke Wangu

Mke wangu Marsela ndiye anayezisemea filamu kwenye kibanda chetu cha video, nyuma ya soko la Karatu. Yaani anashika maiki, anapunguza sauti ya Wazungu, halafu anaongea yeye badala yao. Kiingereza hajui. Alimaliza darasa la saba akaenda kung'oa vitunguu Baray, bondeni kule chini, na Kiingereza alicho nacho ni cha kumtajia mtalii bei ya kikapu. Lakini muulize mtu yeyote hapa mjini, atakwambia filamu ambayo Mama Patrisi hajaisemea haijaonyeshwa. Siku hizi kila kijana ana simu, filamu zote anazo kiganjani, na bado wanakuja kubanana kwenye mabenchi yangu wasikie atasema nini.

Hataki kuiangalia filamu kabla ya watu. Anasema akishaijua, raha ya kuisema imeisha. Kwa hiyo mdomo wa Mzungu ukifunguka, yeye anautafutia maneno hapo hapo. Jambazi la Kichina analisemesha kwa lafudhi ya Kiiraqw cha Mbulu kabisa. Mkuu wa polisi wa Marekani anaongea kama mwenyekiti wetu wa kitongoji, na mwenyekiti mwenyewe huja kila Jumapili baada ya misa kusikia safari hii amesema nini. Mimi nakata tiketi, nawasha jenereta umeme ukikatika, nafukuza wavuta sigara. Hakuna anayekuja pale kunisikiliza mimi, na hilo silalamikii.

Ninayemlalamikia ni Kapteni.

Kapteni ni mtu wa filamu moja ya kutafuta hazina. Jina lake la Kiingereza hatujawahi kulishughulikia, sisi tunaiita Sanduku. Kuna mwanaume mrefu mwenye kofia ya nahodha na mwanamke mwenye kitambaa chekundu, wanatafuta sanduku la mfalme lililofichwa pangoni, ng'ambo ya mto. Kuna majambazi, kuna mamba, kuna mwehu mmoja anarusha mikuki. Mwisho sanduku wanalipata, mto unafurika, na mikono ya Kapteni haitoshi kubeba vyote viwili. Basi analitupa sanduku majini, anainama, anambeba yule mama mgongoni.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Kwa sababu pale mtoni, kabla hajainama, Kapteni anamgeukia mwanamke na kusema maneno, na Marsela kamwekea maneno haya: "Sina ng'ombe, sina shamba, hata shati hili ni la kuazima. Lakini nina mgongo. Panda." Filamu nyingine anazibadilisha kila anapozirudia, jambazi leo ni shemeji wa mtu, kesho ni mdai kodi. Hii habadilishi hata neno moja. Na sauti anayomwekea Kapteni hapo, mimi nyumbani kwangu sijawahi kuisikia. Mama wauza nyanya wananyamaza na watoto wao mgongoni. Lekishon, mfugaji wa Endulen, kule hifadhini, anayekuja na ng'ombe siku za mnada, ameiona Sanduku kuliko binadamu yeyote, lakini ikifika hapo bado anaihimiza runinga, "Panda, mama, maji inakuja."

Mimi nakaa mlangoni na tiketi zangu, nimevimba. Maana nilijua maneno yale yametoka wapi. Yametoka Baray, na mwenyewe anaitwa Joseph.

Miaka ile tulikuwa vibarua kule chini, mimi na Joseph na Marsela na wasichana wengine wa huku juu, kwenye mashamba ya vitunguu. Joseph alikuwa kijana mzuri, sikatai, Mungu alimpa. Meno meupe, sauti ya kwaya, na anabeba magunia mawili kwa mpigo ili tu watu wamtazame. Masika ile mto ulipofurika, jembe lilimkata mguu. Akalala kibandani, na zamu zake zote za mfereji nikazifanya mimi, na asante sijaipata mpaka leo. Yeye kalala, wasichana wanampelekea uji. Marsela naye alipeleka. Lile bakuli nililiona kwa macho yangu, la bluu, lina ufa pembeni.

Mavuno yalipoisha Marsela alinikubali mimi. Sikumuuliza kwa nini, nani anauliza. Lakini wivu nilikwenda nao mpaka kanisani siku ya ndoa, na nikarudi nao nyumbani. Na aliposhika maiki akamwambia Kapteni aseme ana mgongo, nikajisemea, haya, mambo yametoka hadharani. Nani alikuwa na mgongo kule Baray kama siye yule wa magunia mawili? Mimi si mtu wa maneno matamu, sijawahi kuwa. Mwanamke hatungi kitu kama kile kutoka hewani, kaambiwa na mtu, kakitunza, sasa anakitoa mbele ya Karatu nzima huku mume wake anakata tiketi.

Siku moja nilimuuliza, tukiwa jikoni. "Mama Patrisi, yale maneno ya mtoni umeyapata wapi?"

Alinitazama, akacheka kidogo. "Ya Kapteni yale. Muulize Kapteni."

Sikuuliza tena. Nilitaka kitu kimoja tu, nijue kama nimeishi miaka yote hii na mwanamke ambaye moyo wake ulibaki kwenye kile kibanda cha Baray. Lakini jambo kama hilo utaliuliza vipi mara ya pili, bila kuonekana mjinga?

Basi mwaka huu Adrian, kijana anayetuuzia filamu, akaniita dukani kwake. Akasema, "Mzee Silvanus, Sanduku la pili limetoka." Nikavuta stuli nikaliangalia lote pale pale, katikati ya wateja wake wa chaja na vocha. Ndugu yangu, filamu mbovu kama ile sijawahi kuona. Wamekaa miaka mingi kabla ya kuitengeneza na Kapteni amezeeka. Ana kitambi. Ana upara, na ile kofia imetundikwa msumarini ukutani. Amemuoa yule mama wa kitambaa chekundu na wanaishi kwenye nyumba ya tofali, na nusu ya filamu wamekaa mezani wanazozana. Hazina yenyewe safari hii inatafutwa kwa kompyuta. Mamba hakuna.

Nilifurahi kiasi kwamba nusura nimkumbatie Adrian. Nilitaka Karatu yote imuone Kapteni na kitambi chake. Nilitaka Marsela amsemee mwenyewe, kwa kinywa chake, mzee huyo mwenye kikombe cha chai mkononi na suruali iliyopanda kifuani. Na nilitaka Joseph awepo.

Namba yake niliipata kwa wachukuzi wa vitunguu. Nikampigia, nikajifanya mwema. "Joseph, kaka, umetusahau. Njoo siku ya mnada, mke wangu anaonyesha filamu mpya." Akaja. Nilitegemea amechakaa, na hilo nalo likanipita. Kapendeza, shati limepigwa pasi, anachechemea kidogo tu, na ametuletea gunia zima la vitunguu. Marsela alimpokea kwa mikono miwili. "Karibu, shemeji. Mkeo Brigita hajambo? Watoto?" Wakaulizana habari za kule chini, nani kafa, nani kahamia Mbulu, wanacheka. Nilikichunguza kile kicheko tangu mwanzo mpaka mwisho. Nikamkalisha Joseph benchi la mbele kabisa, aone vizuri.

Kibanda kilijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Lekishon aliwahi mapema na fimbo yake, akakaa karibu na Joseph. Marsela akajifunga kanga kiunoni, akashika maiki, akaanza kwa mbwembwe: Kapteni amerudi, mto unamjua, mamba wanamjua, leo patachimbika. Watu wakapiga makofi. Halafu picha ikafunguka, na yule pale, mzee mwenye upara, anatafuta kitu chini ya kochi.

Makofi yakaisha. Nikamuona Marsela anaikazia macho runinga, maiki iko chini, na mimi mlangoni nikawa natabasamu peke yangu. Haya, mama, msemee sasa.

Mzee akainuka kutoka chini ya kochi, akamwambia mkewe kitu kwa hasira. Marsela akapandisha maiki.

"Nani kachukua koleo langu? Nililiweka hapa. Kwenye nyumba hii ukiweka kitu, kinatembea."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia, tena kwa nguvu. Kapteni akakaa mezani, akaonja chai, akakunja uso.

"Chai imepoa. Geti limefungwa? Taa ya nje inawaka ya nini mchana huu, bili mtalipa nyie?"

Wakacheka zaidi. Mimi nilipunguza kidogo. Lile neno la bili nilikuwa nimelisikia mahali karibuni.

"Mimi nasema," Kapteni akaendelea, "lakini nani ananisikiliza? Siku nitakapokufa ndipo mtatafuta koleo liko wapi."

Benchi la mbele, Lekishon aligeuka taratibu, akaniangalia. Mwenyekiti wa kitongoji akageuka pia. Halafu mama wauza nyanya, mmoja baada ya mwingine. Masikio yaliniwaka. Maneno yale yalikuwa yangu, kila moja, na lile la koleo nililisema asubuhi ile ile nikiwa nimevaa soksi mguu mmoja.

Ikaendelea hivyo. Majambazi wanakuja na magari, Kapteni anawauliza kwa nini wanakanyaga bustani. Mkewe anamwonyesha ramani ya hazina kwenye kompyuta, Kapteni anamwambia arudi nyuma kidogo asije akaharibu macho. Mwanzoni watu walicheka, baadaye wakaanza kujikuna. Walikuwa wamekuja kumuona Kapteni wao. Kijana mmoja nyuma akasema, "Hamna filamu hapa," akatoka. Akatoka na mwenzake.

Lekishon ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Akasimama, fimbo mkononi, akaongea kwa heshima kabisa. "Mama Patrisi, samahani. Huyu siyo yule. Yule alibeba mama, alivuka naye maji. Huyu mzee ya kununa wametoa wapi?"

Marsela hakuondoa macho kwenye runinga. "Ni yule yule, Lekishon," akasema kwenye maiki. "Ameoa tu."

Kibanda kilipasuka kwa kicheko. Mwenyekiti alipiga paja. Joseph alicheka mpaka akaegemea bega la Lekishon, anafuta machozi kwa mkono wa lile shati lake lililopigwa pasi. Mimi sikuwa na pa kuweka uso, na Mungu akanihurumia, umeme ukakatika.

Nikatoka nyuma kuwasha jenereta. Nilikuwa naivuta ile kamba kama nimegombana nayo, na nikamsikia Joseph anakuja, mguu wake mmoja unaburura.

"Silvanus," akasema, "mkeo ana kipaji. Amekutoa kama ulivyo."

Nikaacha kamba. Nilikuwa nimeshajaa. "Mimi amenitoa kama nilivyo mzee," nikamwambia. "Wewe alikutoa kijana. Sehemu ya kwanza yote ni wewe. 'Sina ng'ombe, sina shamba.' Usijifanye hujui."

"Mimi?"

"Wewe. Mgongo. Panda. Mjini hapa watu wanalia kwa maneno yako, na mimi ndiye nakata tiketi."

Joseph alinitazama kama mtu anayengoja useme ni utani. Halafu akapandisha suruali kidogo, akanionyesha mguu. Kovu lilikuwa limetoka kifundoni mpaka karibu na goti. "Mto ulifurika lini?" akaniuliza.

Nikaliinamia lile kovu.

"Ulifurika nikiwa na hiki kidonda. Nilikuwa siwezi kwenda chooni bila kushikwa. Ningembeba nani? Nilikuwa nimelala pale kibandani, ukuta wa majani, nawasikia wote mnavyovuka. Wewe ulikuwa mdomo haufungi siku zile. Ukamwambia Marsela huna ng'ombe, huna shamba. Ukamwambia hata shati ni la kuazima, na lilikuwa langu, la kijani, ukalirudisha limechanika kwapani. Nikamsikia anacheka, halafu nikasikia miguu yako majini imekuwa mizito. Nikajua kapanda."

"Na uji?" nikasema. Sijui kwa nini, ndicho nilichokipata.

"Uji nilipelekewa na kila mtu, Silvanus. Nilikuwa mgonjwa." Akashusha suruali yake. "Mimi nilimtaka, sikufichi. Ningekuwa na maneno kama yale, leo tiketi ningekata mimi."

Jenereta lilikubali nilipolivuta tena. Nikabaki nimeinama juu yake. Na kumbe nilikuwa nakumbuka: ubaridi wa maji, matope ya mfereji, na mikono ya msichana imenishika shingo kwa nguvu mno mpaka nilikuwa sipumui vizuri na sikutaka alegeze. Nilikuwa nimeyaweka wapi yote yale? Mwanaume niliyemwonea wivu miaka yote ile alikuwa mimi, na sikumtambua kwa sababu hatukufanana.

Unadhani nilifarijika? Iliniuma zaidi. Joseph ningeweza kumkatia simu, ningeweza kumnyima benchi. Huyu kijana wa shati la kijani nitamfukuza wapi? Anaingia kibandani kwangu kila wiki bila tiketi, anasema neno moja, mke wangu sauti inabadilika, na watu wanalia.

Nilirudi ndani. Filamu ilikuwa inaelekea mwisho na nusu ya mabenchi yalikuwa wazi. Kapteni na mkewe walifika kwenye mto ule ule wa zamani, maji yamejaa, na waliobaki wakakaa vizuri, wakijua sasa mambo ndiyo haya. Lakini safari hii mtoni pamejengwa daraja la zege. Wakapita na gari. Hazina wakaiona kwenye kompyuta ya jambazi, ni picha tu. Mwisho.

Marsela hakusema chochote pale darajani. Niliomba aseme. Gari lilipita juu ya maji kimya kimya, mume kashika usukani, mke anatazama nje dirishani upande wake.

"Ile ya kwanza ilikuwa na mto," Lekishon akasema akikusanya shuka yake. "Hii iko na daraja." Akatuaga, akakimbilia gari la Endulen kabla geti la hifadhi halijafungwa. Joseph naye akaaga. Nikampa mkono, nikamwambia pole ya mguu. Alicheka, akasema asante, imechelewa lakini ameipokea.

Mvua ilianza tukiwa tunafunga. Nyuma ya soko, ukitoka kibandani kwenda kwetu, kuna mtaro, na ikinyesha kidogo tu unajaa na ule ubao wa kuvukia unaondoka. Siku zote mimi hutangulia, naruka, halafu nasimama ng'ambo namwelekeza akanyage wapi na kumlaumu akikosea. Siku ile sikuruka. Marsela alikuwa ameifunga maiki kwenye mfuko wa nailoni, kaikumbatia kifuani.

Nikainama mbele yake.

"Unatafuta nini huko chini, Baba Patrisi? Koleo?"

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyasikia mara nyingi kuliko mtu yeyote Karatu isipokuwa Lekishon, nayajua kwa moyo, na yalikuwa mali yangu halali. Yakanikwama. Hayakukubali kutoka kwenye mdomo huu wa sasa. Nikasema tu, "Panda."

Mvua iliendelea kutupiga. Nikadhani amekataa, nikawa naanza kunyooka kwa aibu, ndipo nikasikia mkono begani, halafu mwingine, halafu uzito wote. Nikaingia majini. Goti likalia. Maji yalikuwa ya baridi na yana maganda ya ndizi.

"Umenenepa," nikamwambia katikati ya mtaro.

"Kapteni hakusema hivyo."

"Kapteni hakumbeba mama wa watoto watatu na maiki juu."

Akacheka, pale pale sikioni mwangu, na akanikaza shingo. Ilikuwa ile sauti. Niliisikia vizuri kabisa, hata kwa mvua ile. Tulifika ng'ambo tumelowa, nikamshusha, na mpaka leo sijathubutu kumuuliza alipocheka vile alikuwa amepanda mgongo wa nani, wangu au wa yule kijana.